Gia ya pili inasaga asubuhi, ya tano inaruka, rivasi inagoma: nifungue giaboksi au ninunue nyingine?

Mpiga Pampu, Kisauni

Salaam aleikum wakuu. Nina pikapu ya dizeli ya magurudumu manne, gia tano za mkono, na huu ni mwaka wa sita tangu niinunue. Kazi yake ni kubeba pampu za maji, mabomba na matangi ya plastiki kutoka mjini hadi Kinango, Samburu na wakati mwingine Lunga Lunga, kwa hiyo nusu ya maisha yake huipitisha kwenye lami na nusu iliyobaki kwenye changarawe, mchanga wa mito mikavu na tope la masika. Chapa ya gari siitaji, kwa sababu ninajua nikiitaja tutaanza kubishana ni kampuni gani inatengeneza gari bora, na mimi nataka kujua kilichoharibika.

Matatizo ni haya. Asubuhi nikitoka nyumbani, gia ya pili inasaga kila ninapoiingiza kutoka ya kwanza, na huendelea hivyo mpaka nivuke daraja la Nyali, kisha hupungua yenyewe. Jambo la pili ni gia ya tano: nikirudi kutoka bara na kuanza kuteremka kutoka Mazeras kuelekea Miritini, ninapoinua mguu kwenye akselereta gia huruka na kurudi friigia, gari likabaki linabingirika tu, na hilo linanitia hofu kubwa kwa sababu nyuma yangu huwa kuna malori. La tatu limeanza mwezi uliopita. Nikiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni nikahitaji kurudi nyuma kidogo, rivasi hukataa kabisa kuingia mpaka nizime injini, niiingize, kisha niwashe tena huku nimekanyaga klachi.

Klachi pleti na presha pleti zilibadilishwa mwaka jana. Nimeenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza ameniambia giaboksi imekwisha na ninunue ya mtumba kutoka Japani. Wa pili anataka kuifungua na kubadilisha ringi zote za sinkro, zile za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, na beringi zote. Shemeji yangu naye anasema niliuze gari hili na kutafuta la otomatiki. Gharama ya kila njia ni kubwa kwangu, na gari likilala gereji wiki mbili kuna watu wanaoteka maji mbali ambao pampu yao imekaa stoo kwangu. Naomba mwenye uzoefu anieleze nianzie wapi.

Fundi wa Changamwe

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Nimefungua giaboksi za magari ya namna hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninakuomba usinunue chochote wiki hii. Umeeleza dalili tatu, na mafundi wote wawili wamezichukua kama ugonjwa mmoja. Kwa jinsi ulivyozieleza, ninaona huenda ni hitilafu tatu zilizokutana, na moja kati yake haiko ndani ya giaboksi hata kidogo.

Tuanze na rivasi kwa sababu ndiyo rahisi kupima. Katika giaboksi nyingi za mkono rivasi haina sinkro, kwa hiyo huingia tu ikiwa shafti inayotoka kwenye injini imesimama. Washa injini, weka friigia, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu taratibu hadi kumi, kisha ingiza rivasi. Ikisaga au ikigoma hata baada ya kusubiri hivyo, maana yake klachi haiachii sawasawa na shafti bado inazungushwa. Wewe umekwisha kujipa jibu uliposema kwamba injini ikizimwa rivasi inaingia. Hapo usiitazame giaboksi, itazame silinda ya chini ya klachi, ile iliyofungwa ubavuni. Rudisha nyuma mpira wake wa vumbi kwa kidole. Ukikuta umajimaji ndani ya mpira huo, silinda inavuja. Silinda hiyo hutumia mafuta ya breki, nayo hufyonza unyevu wa hewani, na hewa ya Pwani ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo silinda hula kutu kwa ndani na mipira hukatika mapema. Mtu hubadilisha klachi pleti mpya kabisa akaacha silinda ya zamani, kisha anashangaa gia zinasaga. Tena klachi isiyoachia vizuri huzilazimisha ringi za sinkro kufanya kazi isiyokuwa yao, kwa sababu badala ya kusimamisha shafti iliyo huru zinapigana na injini.

Sasa gia ya pili. Hapa lipo jambo moja linalonisumbua katika maelezo yako. Watu wa nchi za baridi hulalamika kwamba gia ya pili husaga asubuhi kwa sababu oili imekuwa nzito kwa baridi. Mombasa asubuhi ya baridi kabisa bado mtu anatoka jasho. Kama gia yako inasaga asubuhi na kuacha ikipata joto, basi ninashuku kwamba imo oili nzito kupita kiasi. Je, kuna fundi yeyote aliyewahi kukuongezea oili ya giaboksi? Uliona kopo lake? Ipo tabia ya kumimina oili ya namba 140, yaani nzito sana, ndani ya giaboksi inayolia ili ikae kimya. Kelele hupungua kweli, lakini ringi ya sinkro lazima ikate utando wa oili ndipo ishike koni ya gia, na oili nzito hivyo haikatiki upesi. Oili nyingi za namba 140 pia ni za daraja la GL-5, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya meno ya difu, ile boksi ya gia iliyo kwenye ekseli, na zimetiwa dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi. Dawa hizo zinaweza kula shaba za ringi za sinkro, hasa oili ikipata moto. Kwa magari mengi ya aina yako kitabu huagiza 75W-90, iliyo nyepesi zaidi, ya daraja la GL-4, lakini soma kitabu cha gari lako usinifuate mimi.

Fanya hivi mwenyewe, huhitaji karakana. Endesha gari dakika ishirini ili oili ipate joto, liegeshe mahali tambarare, kisha ufungue nati ya kujazia kabla ya kugusa nati ya kumwagia. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wakimwaga oili yote ndipo wakagundua nati ya kujazia imeshika kutu na haifunguki, na gari likabaki hapo hapo. Ukishaifungua tia kidole: oili inapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu. Kisha mwaga juu ya kitambaa cheupe ndani ya karai, uipeleke juani uitazame. Rangi ya maziwa ni maji. Unga laini wa rangi ya dhahabu ni shaba ya ringi za sinkro, na kidogo si ajabu kwa gari la umri huo. Tope la kijivu kwenye sumaku ya nati ni la kawaida. Lakini ukiokota kipande cha chuma kinachoshikika kwa kucha, hicho ni cha jino au cha beringi, na hapo hakuna mjadala tena, giaboksi ifunguliwe.

Gia ya tano tutaizungumza ukileta majibu ya oili. Kwa sasa mwombe mtu aingize na kutoa gia ya tano huku wewe umelala chini ukiangalia mpira wa mauntingi unaobeba mkia wa giaboksi. Mpira ukiwa umepasuka, giaboksi huinuka na kushuka kila unapokanyaga na kuachia akselereta, na mwendo huo pekee unaweza kuitoa gia mahali pake.

Bi. Mtongwe

Kaka, mimi naendesha gari la kampuni ya ujenzi kwenye barabara hizo hizo zako, na ninavuka Likoni karibu kila siku. Fundi ameeleza vizuri upande wa chuma. Ningependa kuongeza upande wa mguu na mkono, kwa sababu giaboksi nzima inaweza kumalizwa na dereva mwangalifu asiyejua anachokifanya.

Kwenye foleni ya feri, ile njia ya kuteremkia majini, madereva wengi hulizuia gari kwa nusu klachi badala ya breki. Hapo pleti inasugua chuma, inachoma, na mzigo ukiwa tani moja moto huo ni mkubwa. Vuta breki ya mkono, weka friigia, ondoa mguu kwenye klachi kabisa. Mkono nao usiupumzishe juu ya fimbo ya gia. Uzito mdogo wa kiganja unafika hadi kwenye uma unaosukuma gia, na uma huo ukisugua kilomita mia kila siku unaliwa, na uma ulioliwa hausukumi gia mpaka mwisho wa njia yake. Gia isiyoingia mpaka mwisho ndiyo inayoruka. Nilikuwa na mazoea hayo na ilinichukua muda kuyaacha.

Kwenye mchanga wa mto mkavu usisubiri mpaka gari likwame ndipo uweke transfa, ile boksi inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwenye lo, yaani mwendo wa chini. Simama kabla ya kuingia, weka lo, ingia na gia ya pili. Transfa ya LT230 iliyofungwa kwenye Defender, kwa mfano, hupunguza mwendo mara 3.32 ikiwa lo, maana yake injini inapata nguvu ya kusukuma bila klachi kuteseka. Ukitoka mchangani na kurudi kwenye lami, toa magurudumu ya mbele. Gari ambalo halina difu ya katikati, inayoziacha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti, likikata kona kwenye lami huku magurudumu yote manne yamefungwa pamoja, ekseli ya mbele hutembea umbali mrefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo haina pa kutokea ila kujibana kwenye transfa na shafti. Utaona hata fimbo ya transfa inagoma kutoka.

Kwa muda huu ambao gia ya pili inasaga, kanyaga klachi mara mbili: toa ya kwanza, achia klachi ukiwa friigia kwa nukta moja, kanyaga tena, kisha ingiza ya pili bila kuilazimisha. Itakusaidia kuibakisha shaba iliyobaki.

Mkaazi wa Tudor

Ndugu, kwa heshima zote ninamuunga mkono shemeji yako. Klachi kavu ni kifaa kinachofanya kazi kwa kusuguana, na kazi za nje ya barabara ni za kusuguana mno. Hata magari mapya hayajaepuka. Mwaka 2023 Jeep iliyarudisha karakana magari zaidi ya 69,000 ya Wrangler na Gladiator yenye gia za mkono huko Marekani, kwa sababu presha pleti ya klachi ilikuwa inaweza kupata moto kupita kiasi, ikapasuka na hata kusababisha moto wa kweli chini ya gari. Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa tatizo hilo. Otomatiki hupitisha nguvu kwa oili inayozunguka ndani ya konveta, kwa hiyo unaweza kutambaa juu ya mawe bila kuchoma pleti yoyote. Nilihama miaka minne iliyopita na goti langu la kushoto linanishukuru.

Fundi wa Changamwe

Ndugu wa Tudor, habari za Jeep ni za kweli, lakini zinazungumzia presha pleti, si gia. Otomatiki nayo ina moto wake: konveta ikifanya kazi mchangani, oili yake huchemka, na kipozeo kikiziba vumbi la Taru utalipa zaidi ya anavyoombwa ndugu yetu. Anayebeba pampu kwenda mahali pasipo na fundi wa otomatiki ana sababu nzuri ya kubaki na gia za mkono.

Nakubali kwamba kuna giaboksi zilizotoka kiwandani na udhaifu wake. R380 ya Land Rover, ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilijulikana kwa kuliwa meno ya shafti kuu pale inapoingia kwenye gia ya transfa, kwa sababu oili haikufika hapo vya kutosha, na suluhisho lilikuwa gia yenye matundu ya kupitishia oili. Fundi anayejua hilo husikia mgongano ule wa kukanyaga na kuachia akselereta na kujua pa kuangalia. Asiyejua hubadilisha sinkro, na gari hurudi baada ya mwezi.

Kuhusu ya mtumba kutoka Japani, mimi huwafungia wateja, lakini mnunuzi hapati nafasi ya kusikiliza ikizunguka. Inaweza kuwa imetolewa kwenye gari lililozama au lililovutwa. Gari la mkono likivutwa mbali magurudumu yakiwa chini na injini imezimwa, shafti kuu inazunguka lakini shafti ya chini, ambayo ndiyo inayorusha oili, imesimama, na beringi huungua bila kelele yoyote.

Mpiga Pampu, Kisauni

Shukrani nyingi sana. Nimefanya yote Jumamosi, uani kwa jirani, na nitaeleza nilichokiona kwa utaratibu.

Mpira wa vumbi wa silinda ya chini ya klachi ulikuwa umelowa. Tulipoivua silinda, ukuta wake wa ndani ulikuwa na vishimo vyeusi vya kutu ambavyo kidole kinavihisi. Nimeweka mpya na kubadilisha mafuta yote ya klachi. Nimepima rivasi kwa hesabu ya kumi, na inaingia kama mkono kwenye kanzu.

Oili ndiyo iliyonihuzunisha. Ilitoka nzito, nyeusi, ikishuka polepole kwa uzi mmoja, na ilikuwa chini ya lita mbili ilhali kitabu kinataka lita mbili na nusu. Nilipekua nyuma ya kiti nikakuta kopo alilolisahau fundi aliyenifanyia sevisi mwaka jana: 85W-140, GL-5. Alikuwa amemimina oili ya difu ndani ya giaboksi, na wakati ule nilimlipa na kumshukuru. Kwenye kitambaa kulikuwa na unga wa dhahabu mwingi, unaometa juani, lakini hakuna kipande cha chuma hata kimoja. Maji hayakuwemo. Sili ya mkia wa giaboksi inavuja, ndiyo sababu ya upungufu, na oili hiyo imelainisha mpira wa mauntingi mpaka umepasuka kati.

Nimebadilisha sili na mpira, nimejaza 75W-90 ya GL-4, na nimekwenda Kinango na kurudi. Gia ya pili bado inasaga mara moja au mbili alfajiri, si kila mara kama zamani. Gia ya tano imeruka mara moja tu, nikiwa na mzigo, mahali pale pale Mazeras. Fundi, hapo nifanye nini?

Fundi wa Changamwe

Alhamdulillahi, umejiokolea bei ya giaboksi nzima. Sasa sikiliza. Katika giaboksi nyingi za gia tano za magari haya, gia ya tano imekaa nyuma kabisa, mbali na nyingine, kwa hiyo oili ikipungua huko ndiko kunakokauka kwanza. Umeendesha muda mrefu ikiwa na upungufu. Ninadhani pembe za meno madogo yanayoshika gia hiyo zimeviringika, au springi inayosukuma gololi ya kuizuia fimbo ya uma imelegea. Springi ni kitu kidogo na kwenye baadhi ya giaboksi hufikiwa kwa kufungua nati ya ubavuni tu, kwa hiyo anza nayo.

Ringi ya gia ya pili lazima ibadilishwe, kwa sababu shaba iliyotoka hairudi. Lakini si kesho, na wala si ringi zote. Ikifunguliwa, mwambie fundi aibonyeze kila ringi kwenye koni yake na kupima nafasi iliyobaki kwa fila geji, vile vijibati vya kupimia nafasi, mbele yako, na zile zilizo ndani ya kipimo cha kitabu ziachwe. Tafuta pia kipumulio cha giaboksi ukisafishe na kukirefusha kwa mpira mpaka juu karibu na injini. Giaboksi yenye moto ikiingia kwenye maji ya mto, hewa ya ndani hujikunja ghafla na kuvuta, na kipumulio kikiwa kimeziba itavutia maji kwenye sili zako mpya.

Mpiga Pampu, Kisauni

Nimekuelewa, Fundi, na Bi. Mtongwe pia nakushukuru, kwa sababu nimejikamata mara tatu leo nikiwa nimeegemeza mkono kwenye fimbo ya gia. Kipumulio nimekipata juu ya transfa, kilikuwa kimezibwa na udongo mwekundu mkavu kama kizibo. Nimeagiza springi na gololi, ringi ya gia ya pili na habu ya gia ya tano, ile inayoifunga gia kwenye shafti, na giaboksi itafunguliwa mwezi wa Machi kabla masika hayajaanza, mbele ya macho yangu.

Kesho alfajiri ninapeleka pampu mbili Samburu. Nikirudi, nitaiteremka Mazeras kwa gia ya nne.